Umetoa kardani ya mbele, gari limeanza visa: dalili, sababu na hatua za kufuata

Mtu akileta pikapu garajini akaniambia, "Fundi, niondolee 4x4, nibaki na magurudumu mawili ya nyuma," namwuliza kwanza: kwa nini? Hapa Bukavu majibu huwa matatu. Ponti ya mbele imevunjika meno na piese (vipuri) zina bei kali. Au gari linakula mazutu (dizeli). Au linakaza na kugugumia linapokata kona mjini. Jibu la kwanza nalielewa. Hayo mengine mawili mara nyingi yanapona bila kutoa kitu chochote, na ndiyo maana nitaanza nayo.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kardani ni shafti ndefu inayozunguka chini ya gari. Ponti ni ekseli pamoja na difu yake, yale meno yanayoruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Nusu-shafti ni shafti fupi itokayo kwenye difu hadi gurudumu. Transferi ni boksi lililo nyuma ya bwate ya vitesi (giaboksi), linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma; kirungu ni mkono wake wa kuchagulia. Rulema ni beringi. Rulibri ni kile kifuniko katikati ya gurudumu la mbele chenye maandishi FREE na LOCK.

Gari linakaza kwenye kona, au kirungu cha transferi kimekwama

Sababu ya kwanza, inayozidi zote kwa mbali: dereva ametoka kwenye matope ya Walungu, akafika kwenye lami bado yuko H4, yaani magurudumu yote manne yanasukuma. Katika 4x4 ya muda, mbele na nyuma hufungwa pamoja bila difu katikati. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo inaisha. Kwenye lami tairi hushika, nguvu inabaki imejikunja ndani ya kardani, na kirungu kinakataa kutoka. Dawa: tafuta mahali tambarare, rudi nyuma mita tano au kumi kwa mstari ulionyooka, kisha vuta kirungu hadi H2 (magurudumu mawili) bila kukipiga.

Sababu ya pili ni tairi zisizolingana. Mbele tairi mpya, nyuma zilizokwisha, au za vipimo viwili tofauti. Soma vipimo vilivyoandikwa ubavuni mwa tairi zote nne kabla ya kumlaumu fundi aliyepita.

Ya tatu, vishikizo vya kirungu vimelegea au vimejaa udongo mkavu. Osha, paka grisi, jaribu tena.

Kwa yule anayelalamikia mazutu: geuza rulibri zote mbili ziwe FREE, nenda H2. Hapo kardani ya mbele na ponti ya mbele hazizunguki kabisa. Kama kitu hakizunguki, kukitoa hakutakuokolea mafuta zaidi ya uzito wake mdogo. Angalia chujio la hewa, upepo wa tairi na breki zinazobana kabla ya kufungua bolti hata moja.

Gia inaingia, injini inanguruma, gari halitembei

Hii huja dakika ileile kardani ya mbele inapotoka, na huwatisha watu wakadhani bwate imekufa.

Sababu iliyo kuu ni kwamba gari lako si 4x4 ya muda. Prado 90 na 120 nyingi, Land Rover Defender na Discovery zina 4x4 ya kudumu, yenye difu ndogo katikati ya transferi. Difu hiyo hupeleka nguvu upande wenye uzito mdogo. Ukishatoa kardani ya mbele, upande wa mbele hauna uzito wowote, basi nguvu yote inaishia kuzungusha flanji tupu (sahani ya chuma inayofungiwa kardani) na magurudumu ya nyuma yanabaki yamesimama. Land Cruiser 80 zipo za aina zote mbili, kwa hiyo usikisie kwa jina la gari. Tazama kirungu. Ukiona H2, ni ya muda. Ukiona H na HL bila H2, ni ya kudumu.

Uchunguzi mwepesi: funga difu ya kati, kwa kirungu au kwa kitufe, kisha jaribu kuondoka polepole. Likitembea, umejua ugonjwa. Unaweza kufika nyumbani hivyo. Lakini usiamini kwamba kazi imekwisha, maana siku kifungio kitakapoachia ukiwa katikati ya mpando wa Kadutu, gari litapoteza nguvu ghafla na kuanza kurudi.

Sababu ya pili: kirungu cha transferi kimebaki N, yaani hakijashika upande wowote. Wakati wa kazi fundi hukiweka hapo ili kardani zizunguke kwa mkono, kisha anasahau.

Ya tatu, ambayo ni nadra: rulema au meno ndani ya transferi yamevunjika. Ukisikia chuma kinasagana, zima injini. Gari livutwe hadi kwa fundi wa transferi, likivutwa kwa jinsi anayoelekeza yeye.

Gari linaondoka lenyewe likiwa limeegeshwa kwenye gia

Hili nalitenga peke yake kwa sababu linaua. Bukavu ni mji wa milima. Wengi wetu hatuamini breki ya mkono; tunaacha gari kwenye gia ya kwanza, tunaweka jiwe, tunaondoka. Katika 4x4 ya kudumu iliyotolewa kardani ya mbele, gia haishiki kitu ikiwa difu ya kati haijafungwa. Magurudumu ya nyuma yanazunguka, flanji tupu ya mbele inazunguka upande wa pili, na bwate haina habari. Gari la otomatiki lililowekwa P linafanya vilevile. Na transferi ikiwa N, gari lolote litateremka, hata lile la muda.

Niliwahi kuona pikapu ya mteja ikiteleza taratibu nyuma ya mgongo wa fundi aliyekuwa ameinama kutafuta ufunguo. Jiwe moja lilikuwa mbele ya gurudumu badala ya nyuma. Gari lilisimamishwa na ukuta. Tangu siku hiyo kwetu hakuna kazi ya kardani inayoanza bila mawe mawili, mbele na nyuma ya gurudumu lilelile, na hakuna anayelala chini ya gari lililobebwa na kriki (jeki) peke yake. Stendi za chuma, au magogo mapana. Matofali hapana, yanapasuka bila kutoa onyo.

Kwa wenye Defender za zamani: breki ya mkono yenu inashika mahali kardani ya nyuma inapotokea kwenye transferi. Haishiki magurudumu. Mkitoa kardani ya nyuma, hamna tena breki ya mkono.

Gurudumu la mbele linavuma, linacheza au linachemka

Hapa ndipo ubadilishaji wa nusunusu unapoleta hasara kubwa. Dalili huanza na mvumo unaopanda na mwendo, kisha usukani unalegea, kisha harufu ya grisi iliyoungua.

Inua upande mmoja na uuweke kwenye stendi. Shika tairi juu na chini, uitikise. Shika tena kushoto na kulia. Ikicheza juu na chini, mara nyingi ni rulema au bolijointi. Ikicheza kushoto na kulia tu, anza na ncha za usukani. Baada ya safari fupi, linganisha joto la katikati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Sogeza mkono taratibu bila kugusa, maana diski inaunguza.

Mara nyingi chanzo ni maji na vumbi. Fundi ameondoa rulibri, akaacha tundu wazi au akaziba kwa gunia na mkanda. Mvua moja ya Novemba inatosha kugeuza grisi kuwa tope. Wenzetu wa Goma wana mchanga wa lava, na huo unasaga rulema kuliko udongo wetu mwekundu. Dawa: toa rulema, osha, kagua kama zina madoa au rangi ya buluu, jaza grisi mpya, funga kwa kifuniko halisi cha chuma chenye gasketi.

Chanzo cha pili: nati za rulema hazikurudishwa kwa kipimo. Katika Land Cruiser na Hilux za zamani, gurudumu linashikwa na nati zilizo kwenye spindeli (bomba la chuma lisilozunguka), na nusu-shafti inapita katikati bila kubeba uzito. Gari la namna hiyo linaweza kutembea bila nusu-shafti, mradi nati zimekazwa sawasawa na karatasi yake ya chuma imekunjwa kuzifunga.

Chanzo cha tatu ndicho kinachoweza kukutoa roho. Katika gari nyingi za kisasa zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, ile ncha ya nje ya nusu-shafti pamoja na nati yake kubwa ndizo zinazobana rulema ya gurudumu isifunguke. Ukitoa nusu-shafti nzima na kurudisha gurudumu, rulema inabaki haina kinachoibana. Itakwenda siku chache, kisha itaachana. Njia sahihi ni kufungua nusu-shafti, kutenganisha ncha ya nje, kuisafisha, kuirudisha peke yake ndani ya kitovu na kukaza nati kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukiwa huna ufunguo wa kipimo cha nguvu, kazi hii si yako. Tafuta garaji iliyo nao. Na kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge kwenye breki), angalia: pete yenye meno inayosomwa na sensa mara nyingi imekaa kwenye ncha hiyohiyo. Ikipotea, taa ya ABS itawaka na haitazimika.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulipita. Kutoa kardani peke yake hakusimamishi ponti ya mbele. Kama gari halina rulibri, au zimebaki LOCK, magurudumu yanaendelea kuzungusha nusu-shafti na difu. Ponti iliyovunjika meno ikiendelea kuzungushwa, kipande kimoja kinaweza kuingia kati ya meno na kufunga magurudumu ya mbele barabarani. Kwa hiyo ponti iliyovunjika: rulibri FREE zote mbili, au nusu-shafti zitoke kwa njia niliyoeleza. Na ponti ambayo ni nzima lakini bado inazungushwa iendelee kupewa mafuta kama kawaida.

Gari linatetemeka likianza kukimbia

Kama umetoa kardani ya mbele tu na ya nyuma haikuguswa, anza na yaliyo karibu: bolti za magurudumu, tairi, udongo uliogandia ndani ya rimu.

Kama kardani ya nyuma ilifunguliwa, angalia alama. Fundi mzuri huweka alama ya rangi kwenye kardani na kwenye flanji kabla ya kuzitenganisha, ili zirudi palepale. Zikirudi upande mwingine, mizani inaharibika. Angalia pia uma za ncha mbili za kardani: katika gari nyingi lazima zitazame upande mmoja. Mtu akiivuta sehemu inayoteleza na kuirudisha meno machache pembeni, uma hupishana na mtetemo hauishi hata ubadilishe misalaba (viungo vya ncha za kardani) yote. Misalaba yenyewe ipime kwa mkono: zungusha kardani mbele na nyuma ukiwa umeshika flanji. Ikilia tik au ikiwa na vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe, imekwisha.

Ugumu mkubwa ni kwa waliobadilisha kikamilifu, yaani waliotoa transferi na kufunga bwate ya gari la magurudumu mawili. Transferi ikitoka, pengo linabaki, na kardani ya nyuma lazima iwe ndefu zaidi. Hapo nimeona kardani mbili zikiunganishwa kwa suderi (kuchomelea) ya kando ya barabara. Tafadhali usikubali. Bomba refu lisilo na mizani hupinda katikati likizunguka kwa kasi, na likikatika upande wa mbele linachimba barabara na kuliinua gari. Tafuta kardani ya gari la aina yako lililotoka kiwandani na magurudumu mawili, mara nyingi ya vipande viwili yenye rulema ya katikati, pamoja na kishikizo chake cha chasisi. Ukikosa, rudisha transferi uendelee nayo. Transferi iliyofungwa vizuri na kuwekwa H2 haikudai kitu isipokuwa mafuta yake.

Mtetemo ukizidi kadiri mwendo unavyopanda na ukiusikia chini ya kiti, simama. Usijaribu kupata "mwendo unaoutuliza".

Mafuta yanadondoka

Kwanza jua yanatoka wapi. Futa, tembea kilomita chache, angalia tena. Yakitoka mbele ya transferi, mara nyingi ni sili (mpira wa kuzuia mafuta) iliyokuwa imechoka, au nati ya flanji iliyofunguliwa bila sababu. Flanji hubaki mahali pake kardani inapotoka. Anayeitoa ndiye anayeleta uvujaji. Katika gari chache kardani huingia moja kwa moja ndani ya transferi bila flanji, na hapo tundu lazima lizibwe kwa kizibo chake. Kitambaa kitashika leo, kesho transferi imekauka. Yakitoka ncha za ponti ya mbele, nusu-shafti zimetolewa na matundu hayakuzibwa.

Pedali ya breki imekuwa ngumu

Watu hawaunganishi kabisa jambo hili na 4x4, lakini lipo. Katika gari kadhaa ponti ya mbele huungwa na kuachiwa kwa nguvu ya vakyumu (mfyonzo wa hewa), kupitia mipira midogo inayotoka kwenye pampu ileile inayosaidia breki. Kwenye injini za mazutu pampu hiyo mara nyingi iko nyuma ya alternata. Fundi akitoa ponti na kuacha mipira inaning'inia, hewa inaingia na breki zinakosa msaada.

Jaribio: injini imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, fuata mipira mmojammoja na uzibe iliyoachwa wazi kwa kizibo cha mpira na kibano. Kama mipira yote imezibwa na pedali bado ngumu, gari lisiteremke popote. Fundi wa breki aje palipo gari.

Taa ya 4x4 inayopepesa kwenye dashibodi hutokana na kazi hiyohiyo, waya za sensa zilizokatwa au kuachwa. Haina hatari yenyewe. Zifungwe vizuri zisigusane na chasisi.

Mshale wa spidi umelala

Katika gari nyingi waya au sensa ya spidi hukaa kwenye transferi. Transferi ikiondoka, inaondoka nayo. Kwa gari la vitesi vya mkono ni usumbufu tu. Kwa la otomatiki, kompyuta inaweza kukosa kujua lini ibadilishe gia. Bwate mpya iwe na sehemu yake ya sensa, na meno yanayolingana na difu yako, la sivyo mshale utadanganya.

Gari linashindwa mlima, au nusu-shafti ya nyuma imekatika

Hapa gari halina kasoro. Hii ndiyo gharama ya uamuzi wenyewe, na ningependa kila mtu aijue kabla. Transferi ikibaki, gia nzito ya L4 bado inafanya kazi, lakini nguvu yake yote, iliyokuwa ikigawanywa ponti mbili, sasa inaishia nyuma. Dereva anayeingia L4 na mzigo wa mihogo kwenye matope ya njia ya Mwenga na kukanyaga mpaka chini ndiye anayekata nusu-shafti. Kwenye Land Cruiser 79 nusu-shafti ya nyuma ikikatika, gurudumu hubaki likishikwa na kitovu chake. Kwenye Hilux nusu-shafti ndiyo inayobeba gurudumu. Ikikatika vibaya, gurudumu linatoka pamoja nayo. Mlio wa kukwaruza nyuma, au mafuta yanayolowesha breki ya nyuma, yatoshe kukusimamisha.

Mteremko nao hubadilika. Ukishuka Ngomo kuelekea Kamanyola kwenye mvua, gari lenye 4x4 linazuiwa na injini kwa magurudumu manne. La kwako litazuiwa kwa mawili ya nyuma tu, ambayo ndiyo mepesi zaidi wakati wa kushuka. Shuka gia moja chini ya uliyozoea, na uibadilishe kabla ya mteremko kuanza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gari la safari za vijijini ni kwamba kutoa kardani kuwe kwa muda, hadi ponti ipatikane. Kwa gari lisilotoka kwenye lami kati ya Nguba na Nyawera, badilisha kabisa ukitaka, lakini kwa piese halisi. Vyovyote utakavyoamua, bandika karatasi karibu na kirungu: "4x4 HAIFANYI KAZI." Shofa mwingine atakapolikodi usiku wa mvua, hatakuwa na njia nyingine ya kujua. Kardani uliyoitoa ipake grisi kwenye misalaba, ifunge kwa nailoni, uilaze mahali pakavu, na bolti zake zote ziwe kwenye kopo moja lililofungwa pamoja nayo.